Aliyeachia Kamba

Bungoma,
Jumapili baada ya kanisa

Kocha wangu Barasa,

Tumechukua kombe la kuvuta kamba. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Tumewavuta wale wa ushirika wa mahindi hapo Kitale, kwenye uwanja wao, mbele ya watu wao, mivuto miwili mfululizo, na wa tatu haukuhitajika. Wale wale waliotuburuta kila mwaka ukiwa hai, ukirudi nyumbani ukisema refa alikuwa na haraka ya kwenda kula. Kombe liko ofisini kwa meneja, juu ya friji ya sampuli za maziwa. Mimi natamani tungeshindwa.

Usikasirike kabla hujanisikia, najua tabia yako.

Tangu tukuzike Bumula watu wananiita Kocha, na kila nikiitwa nageuka kuangalia ulipo. Ni ujinga lakini ndivyo. Kamba uliyoniachia naiweka nyumbani, chini ya kitanda, kwa sababu stoo ya ushirika imejaa panya. Siku ya kwanza kuilaza pale nilisikia harufu ya jasho na maziwa yaliyochacha, harufu yako hasa, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa. Bado nakulaumu kwa sukari. Daktari alikukataza, Mama Sarah wako akaficha kopo, na wewe ukawa unakuja kuimalizia kwenye chai yetu ya mazoezi, vijiko vya kujaza, ukisema mtu aliyevuta kamba ana ruhusa. Wewe hukuwa unavuta tena, Kocha. Ulikuwa unapiga kelele tu. Kwa nini hukusikia? Mimi nilikuwa sijamaliza kujifunza.

Mazoezi ni Jumamosi moja Bungoma, inayofuata Kitale, kama ulivyotuzoesha, ili watu wa ofisi na watu wa kiwanda cha kupozea maziwa wasilaumiane kwa safari. Wanaume wanne, wanawake wanne. Bado nawaambia waegemee nyuma wasukume kwa miguu, mikono ni ndoano tu. Bado wananicheka nikiita mwito kwa sauti yako.

Sasa nikuambie yenyewe. Simiyu unamkumbuka, dereva wa lori la maziwa, nanga wetu, anayejifunga kamba begani mwisho kabisa wa mstari na kuwa uzito wa timu nzima. Na Wanjiru wa Kitale, anayepima maziwa kiwandani, namba mbili, yule uliyesema ana miguu ya mtu aliyezaliwa akipanda mlima. Hao wawili wanapendana. Nadhani walianza kwenye matanga yako. Simiyu alikuwa anabeba viti, Wanjiru anaosha sufuria, na kazi ilipoisha walibaki wamekaa pamoja kwenye ngazi ya jikoni. Niliwaona. Nilifikiri ni huzuni.

Nilipojua, sikuogopa, kwa sababu nilishakuona ukifanya. Kumbuka yule fundi wa mitambo na dada wa duka la chakula cha mifugo. Timu yote ilikuwa inanong'ona. Wewe ukangoja mazoezi yaishe, ukawaita wote wawili pamoja, ukawakalisha juu ya mikebe ya maziwa iliyopinduliwa. Mimi nilikuwa nakunja kamba pembeni. Hukuuliza walianza lini wala nani alimtongoza nani. Uliuliza tu, "Mmekubaliana?" Wakasema ndiyo. Ukasema, "Basi hiyo ni yenu. Hapa kwa kamba hakuna mchumba, kuna namba." Jumamosi iliyofuata mmoja alikuwa mbele na mwingine nyuma. Ukanieleza kwamba mtu akisimama karibu na mpenzi wake atamwangalia yeye badala ya kusikiliza mwito, lakini wakiwa mbali watasikiana kupitia kamba kama watu wengine wote, na hiyo inatosha. Walipoachana uliwaita tena, wote wawili. Timu ilikuwa imeanza kugawanyika, na ukatangaza kwamba atakayechagua upande atazunguka uwanja mbio mpaka achague timu. Hawakuoana, lakini waliendelea kuvuta, hata kusalimiana.

Nilikuuliza kwa nini usipige marufuku kama makocha wengine. Ukacheka, ukasema ukipiga marufuku hawataacha kupendana, wataacha kukuambia. Mambo mawili tu hukuyachezea. Kocha hachumbii mchezaji, hata kwa macho. Anayetaka mke aweke filimbi chini kwanza. Na lile lingine ulilolirudia mpaka likanichosha: usimwite msichana peke yake. Jambo ni la wawili, waite wawili. Siku moja nikakuuliza hilo umelitoa wapi. Ukainama kufunga viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Basi nikafanya vile vile. Niliwaita nyuma ya kiwanda Kitale, nikatafuta mikebe, nikawakalisha. Nikauliza kama wamekubaliana. Simiyu akaanza kucheka kwa aibu, lile jitu lote. Wanjiru ndiye aliyejibu. Alisema, "Kocha, sisi hatufichi. Si tulikuwa tunangoja tu utuite." Nikaipenda hiyo. Nikawaacha walipokuwa, yeye namba mbili, Simiyu mwisho, na wiki zikaenda vizuri. Nilianza hata kujisifu moyoni kwamba kazi hii naiweza.

Halafu ikanyesha. Tulikuwa Kitale, tunavutana na vijana wa kupakia mikebe, uwanja umekuwa uji. Wanjiru akateleza akaanguka chali, akapiga yowe. Nanga haachii kamba, Kocha, hilo hata mtoto wa timu analijua. Mtu wa mbele akianguka nanga anakaza zaidi, ili aliyeanguka apate nafasi ya kuinuka. Simiyu aliivua kamba begani akaitupa, akakimbia mbele. Wenzake wote wakavutwa kifudifudi, mmoja juu ya mwingine, karibu wamkanyage huyo huyo aliyekuwa anakimbilia kumwokoa. Masinde wa idara ya mauzo, namba tano, akavunjika mkono. Na Wanjiru alikuwa ameshainuka zamani. Alisimama na matope mpaka masikioni, akamwangalia Simiyu anakuja, akamwambia, "Kwa nini umeachia?"

Nilimpeleka Masinde hospitali. Kesho yake nikawaita, wote wawili. Nikamwambia Simiyu kwamba atakaa nje mpaka kombe lipite. Si kwa sababu anapenda. Kwa sababu aliachia kamba, na angeiachia kwa kuogopa nyoka ningemwambia yale yale. Wanjiru anabaki kwenye namba yake. Simiyu aliinamisha kichwa, akasema, "Ni haki, Kocha." Nilienda nyumbani nikifikiri ungefurahi. Nilipiga hesabu ya jinsi ungetikisa kichwa na kusema, huyu Nafula bana.

Masinde simlaumu kwa maumivu yake. Lakini alienda kwa meneja na mkono kwenye plasta, akasema shida ya timu ni msichana. Na meneja alikuwa ameshawaahidi wakurugenzi kombe. Bila nanga hakuna kombe, bila namba mbili unatafuta namba mbili mwingine. Wakangoja siku niliyoenda mnadani Chwele kutafuta viatu vya mitumba vya wachezaji wapya. Wakamwita Wanjiru kutoka Kitale, peke yake. Wanaume pekee kwenye meza moja. Wakamuuliza walianza lini, walikutana wapi, nani alimwanza mwenzake. Halafu wakamwambia kuanzia Jumatatu kazi yake ni Cheptais, kupokea maziwa ya wakulima kule mlimani, ati ni mahitaji ya kazi.

Alinipigia simu nikiwa nimeshika kiatu mkononi. Ng'ombe wa mnadani walikuwa wanalia, nikaziba sikio moja nimsikie. Alisema, "Kocha, mimi nilianguka tu." Akakata, na tangu siku hiyo hashiki simu yangu.

Aliyeachia kamba ni mwanaume. Aliyehamishwa ni mwanamke. Nimelizungusha hilo kichwani mpaka limenitoboa.

Nilienda kwa meneja. Alinikaribisha chai, akaniongezea maziwa mwenyewe, mpole kabisa. Nikasema adhabu ni ya wawili au hakuna. Akasema uhamisho si adhabu, kwa hiyo hakuna kitu cha kugawana. Nikasema basi Simiyu yuko nje, nilishaamua. Akasema, "Nafula, wewe ni kocha wa kamba. Watu wa kazi ni wangu." Simiyu atavuta, na kama sitaki, Masinde atapuliza filimbi kwa mkono uliobaki. Nililia mle ofisini. Uliniambia nisilie kamwe mbele ya meneja, kwamba wataniandikia machozi yale kwenye kipaji cha uso wangu na kuyasoma kila nikiingia. Nililia, Kocha. Chai ikapoa.

Nikamtafuta Simiyu. Alikuwa anaosha lori. Nikamwambia anaweza kukataa, hakuna anayeweza kumlazimisha mtu kukaza misuli. Akaendelea kusugua mlango pale pale palipokuwa safi. Akasema, "Kocha, nikikaa nje, atarudi?" Nikaanza kumwambia habari ya heshima, ya mtu kujiangalia kwenye kioo. Akasema ana mama, ana wadogo zake shuleni, ana hili lori. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya, "Si hata wewe bado unakuja kazini."

Nilikuja kazini. Nilikuja na uwanjani.

Siku ya kombe Simiyu alivuta nisivyowahi kuona mtu akivuta. Visigino vilizama ardhini mpaka nikafikiri anajichimbia. Namba mbili alikuwa msichana mpya wa hesabu, na nilimwita kwa jina la Wanjiru kwa bahati mbaya na hakuna aliyecheka. Niliita mwito kwa sauti yako. Inueni. Kazeni. Tulieni. Vuta. Kamba ikaja kwetu kama kitu kisicho na mwenyewe. Watu wakambeba Simiyu juu juu na yeye akajiachia abebwe, kama gunia linavyobebwa. Wanjiru wakati huo alikuwa Cheptais anachovya kipimo kwenye maziwa ya watu. Meneja akatoa hotuba. Akasema haya ndiyo matunda ya nidhamu, mapenzi yakiondolewa timu inasimama. Wakapiga makofi. Hata baadhi ya wachezaji wetu, wale uliowalea wewe, walipiga makofi.

Na hilo bado si baya zaidi. Baya zaidi lilikuja watu wakianza kutawanyika. Kocha wa wale wa mahindi, mtu mzuri, unamjua, alikuja kunishika mkono. Akasema na yeye ana wawili kama hao kwenye timu, na alikuwa hajui afanye nini, lakini sasa ameona. Akaniuliza nilipata wapi msimamo wa kumwondoa msichana. Kabla sijamjibu alishavutwa na watu wake kwenda kwenye gari, akinipungia mkono kwa heshima.

Unaelewa sasa kwa nini natamani tungeshindwa? Tungeshindwa wangesema yule kocha wa kike hajui kazi, nami ningevumilia. Tumeshinda, na kombe lile linaongea kwa niaba yangu maneno ambayo sikuyasema. Wakurugenzi sasa wanataka iwe sheria ya timu zote za ushirika: wakipatikana wawili, mmoja ataondoka. Hawasemi yupi. Hakuna haja ya kusema. Njia yako imezikwa na wewe, na hii nyingine inatembea Kitale na Bungoma ikiwa na jina langu. Sina nguvu tena, Kocha. Nasema hivi kwako kwa sababu kwa wengine lazima nitabasamu.

Jana nilichukua kamba nikaenda Bumula. Ukweli ni kwamba nilitaka kuirudisha. Nilitaka kuilaza juu ya kaburi lako niseme tafuta mtu mwingine. Maua aliyopanda Mama Sarah yameliwa na ng'ombe wa jirani, na udongo umeanza kukaa. Nilimkuta kwenye baraza la jikoni akipepeta maharagwe. Nilimpa mkate na sukari, kisha nikaona aibu ya ile sukari, akacheka akasema ni sawa, sasa anaweza kuiweka mezani. Halafu nikamwaga yote. Simiyu, Wanjiru, matope, meneja, kombe.

Alisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilipofika kwenye habari ya Wanjiru kuitwa peke yake, ungo ukasimama.

Hukuwahi kuniambia, Kocha. Miaka yote hiyo. Hukuwahi kuniambia kwamba kwenye kiwanda mlichofanyia kazi ujanani wewe ulikuwa nanga na yeye alikuwa namba mbili. Kwamba mlipopendana walimwita peke yake. Mama Sarah aliisimulia kama mtu anayeeleza bei ya maharagwe. "Waliniita ndani. Baba Sarah alikuwa nje kwa mlango anangoja. Nikatoka nikamwambia wamenitoa. Jumamosi akavuta. Walishinda. Mimi nilifua jezi."

Nikasema, kwa kutafuta cha kusema tu, "Lakini alikuoa." Akasema, "Aliniletea posa, ndiyo. Ng'ombe wote, hakubakisha hata ndama. Kamba hakuniletea."

Kisha akainuka, akaitoa ile kamba begani kwangu. Akaishika. Mkono mmoja mbele ya mwingine, viganja juu, kisigino cha kulia kikatafuta udongo chenyewe. Mwanamke wa umri ule, leso kiunoni, maganda ya maharagwe kwenye nywele. Alikaa hivyo kidogo, ameegemea nyuma, upande wa pili hakuna mtu. Halafu akanirudishia, akauchukua ungo wake.

Nilikukasirikia njia nzima ya kurudi. Mama huyu alituletea chai uwanjani kila Jumamosi, birika kichwani, akasimama pembeni ya mstari mpaka tumalize, na hata siku moja hukumwambia njoo ushike. Ulitupatia sheria ukatuficha kidonda. Ulidhani ukiwafanyia wengine haki ya kutosha, yake italipika? Ungeniambia, ningemwambia Simiyu. Ningemwambia kuna mtu alivuta Jumamosi ile, na akaishi akifunga viatu vilivyofungwa. Labda asingejali. Labda angevuta tu, kwa sababu ana mama na wadogo na lori, kama wewe ulivyokuwa na vyako. Sasa hasira imeisha na imeniachia huzuni tupu, na nakupenda vile vile, na hilo ndilo linalouma.

Kamba sikuiacha kaburini. Nilimwomba Mama Sarah twende wote, na Simiyu, Cheptais Jumamosi ijayo kumwona Wanjiru. Alitikisa kichwa. Alisema, "Nendeni nyinyi. Mimi hakuna aliyekuja kuniona."

Kwa hiyo tutaenda. Hakuna mazoezi Jumamosi, watafute kocha wakitaka. Nimemwambia Simiyu, akasema anaona aibu, nikamwambia aje nayo, kuna nafasi kwenye pikipiki. Sina la kumpa Wanjiru. Siwezi kumrudisha Kitale, siwezi kumrudishia namba yake, na pengine atatufungia mlango, ambayo ni haki yake. Sijui kama Jumatatu yake nitakuwa bado nina filimbi. Lakini nakuahidi, Kocha, nitaiweka kamba hii mikononi mwake, na Simiyu atashika upande wa pili, na mbele ya Simiyu nitamwambia yeye alianguka tu, aliyeachia ni mwingine.

Na nikitoka huko nitapitia Bumula kwa Mama Sarah, na kamba hiyo hiyo. Nitashika upande wa pili mimi mwenyewe. Umechelewa sana, lakini nitampelekea.

Pumzika, Kocha.

Ni mimi uliyeniacha katikati ya somo,
Nafula